SOMO: Sensa inavyozipanga kaya kwa umiliki wa nyumba na ardhi (soma yote kabla ya kuuliza)

Salaam wakuu. Swali la nani sensa inamhesabu kuwa mwenye nyumba limejibiwa humu hadi limechosha. Mtu anachukua jedwali la sensa, anaona asilimia ya kaya zinazokaa kwenye nyumba zao, kesho yake anaandika kwamba asilimia hiyo ya wananchi wana nyumba. Akisahihishwa, wiki inayofuata mwingine anakuja na lile lile. Naliweka lote hapa, na kuanzia leo atakayeuliza nitamwelekeza kwenye hatua husika. Takwimu hizi hutumika kuamua nyumba za kupangisha zijengwe wapi na ruzuku impate nani. Zikisomwa vibaya, anayeumia ni mpangaji ambaye hata hakuhesabiwa kuwa mpangaji.

Hatua ya 1: Jua swali la umiliki kwenye dodoso la sensa linauliza nini. Linauliza kaya hii inakaa humu kwa mpango gani. Haliulizi jina la nani liko kwenye hati, wala nani ana mali gani mahali pengine. Mwenye majengo matatu ya kupangisha, naye mwenyewe amepanga anapolala, kaya yake kwenye sensa ni ya mpangaji. Basi.

Hatua ya 2: Tenganisha kaya kwanza. Wanaoishi pamoja na kushirikiana chakula na mahitaji ni kaya moja. Nyumba moja inaweza kuwa na kaya tano, na kila moja iulizwe swali hili peke yake. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa sensa za watu na makazi unasisitiza hilo: ukimuuliza mwenye nyumba tu, aliyepangishwa chumba na mpangaji mwenzake anapotea kabisa.

Hatua ya 3: Makundi makuu. Mwongozo huo una matano: kaya inamiliki, kaya imepanga, inakaa kwa kulipa sehemu tu ya kodi, inakaa bure kabisa, mpango mwingineo. Kila nchi huyagawa zaidi kwa mahitaji yake.

Hatua ya 4: Wamiliki. Mgawanyo wa kawaida ni wenye mkopo wa nyumba na wasio nao. Marekani imeuliza habari za kumiliki au kupanga tangu sensa ya 1890, na dodoso lao la 2020 lilikuwa na majibu manne: mmiliki mwenye mkopo, mmiliki asiyedaiwa, mpangaji, na anayekaa bila kulipa kodi. Kumbuka: anayedaiwa na benki bado ni mmiliki. Kenya kwenye sensa ya 2019 iliangalia jambo jingine: nyumba ilinunuliwa, ilijengwa au ilirithiwa. Maswali hayo mawili hayajibu kitu kimoja, kwa hiyo usiyaweke safu moja kwenye ulinganisho wako.

Hatua ya 5: Wapangaji. Uliza nani anampangisha: serikali, mwajiri, kampuni au mtu binafsi. Kisha uliza kama amepangishwa na mwenye nyumba au na mpangaji mwingine. Korea Kusini wana kundi lao la "jeonse": mpangaji humkabidhi mwenye nyumba fungu kubwa la fedha mwanzoni, halipi kodi ya mwezi, na mkataba ukiisha hurudishiwa fungu lake lote. Karani wa sensa akiuliza tu "unalipa kiasi gani kwa mwezi?" na kujibiwa "silipi", huyo angeingia kundi la wanaokaa bure, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Ndiyo maana wenzetu wale wakampa mstari wake.

Hatua ya 6: Wanaokaa bure. HAPA NDIPO KAZI HUHARIBIKA. Kundi hili huharibu data kuliko mengine yote, kwa sababu anayekaa bure mara nyingi hujiona mwenye nyumba, na karani kwa haraka zake humkubalia. Chukua kiwanja kimoja. Baba ana nyumba ya mbele, kijana wake na mkewe wako nyumba ya nyuma. Kama wote wanakula chungu kimoja, ni kaya moja, na kaya hiyo inamiliki. Kama kijana anajitegemea kwa kila kitu lakini nyumba ya nyuma aliijenga baba, kijana ana kaya yake, nayo inakaa bure. Kama kijana ndiye aliyeijenga kwa fedha yake kwenye ardhi ya baba, basi kaya yake inamiliki nyumba, ila ardhi si yake. Kiwanja kile kile, majibu matatu, na yote ni sahihi kutegemea ulichokuta. Ukiwa kwenye kundi hili zingatia haya:

– Usianze na "hii nyumba ni yenu?" Anza na "mnalipa kodi?", kisha "nyumba ni ya nani?", kisha "huyo mwenyewe ni mmoja wa kaya hii?" Swali la tatu ndilo linalorukwa.

– Nyumba ya mwajiri ina sura mbili au tatu: bure, kwa kodi iliyopunguzwa, au kwa kukatwa kwenye mshahara. Akikatwa, analipa. Usimwandike bure kwa sababu hashiki fedha mkononi.

– Mlinzi au msimamizi anayelala kwenye nyumba ya tajiri asiyekuwepo anakaa bure. Funguo zote kuwa kwake hakumfanyi mmiliki.

– Mpangaji aliyelimbikiza deni la kodi ni mpangaji. Kutolipa miezi kadhaa hakumhamishii kundi la bure.

– Aliyeingia jengo la watu bila ruhusa halipi kodi, lakini ukimchanganya na anayehifadhiwa na shangazi yake, jedwali litakuambia wote wako salama sawasawa. Kama dodoso lina mstari wa wavamizi, utumie. Kama halina, andika "mpango mwingineo" na uweke maelezo.

Hatua ya 7: Ardhi ni swali jingine. Nyumba yangu na ardhi yangu. Nyumba yangu, ardhi nimekodi. Nyumba yangu, ardhi ya ukoo. Nyumba yangu, ardhi nimekalia bila ruhusa. Hao wote, kwenye dodoso lenye swali la nyumba tu, wanaandikwa "mmiliki". Singapore fleti za bodi ya nyumba ya umma huuzwa kwa haki ya miaka 99 na ardhi inabaki ya serikali, lakini mkazi anahesabiwa mmiliki wa makazi. Marekani mwenye nyumba ya kuhamishika aliyekodi kipande cha ardhi inapokaa naye hujibu kwamba nyumba ni yake. Brazil mwaka 2000 waliliona pengo hilo: mwenye nyumba yake aliulizwa pia kuhusu kiwanja, kama ni chake, amepewa kukitumia, au hali nyingine. Swali fupi tu, lakini lilitenganisha watu ambao majedwali mengi huwaweka kapu moja.

Sensa ya kilimo ni nyingine kabisa. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa sensa ya kilimo hupanga ardhi ya shughuli ya kilimo, na una kundi la wanaoishika ardhi kama wenyewe hata pasipo hati kamili. Jedwali lake usilibandike juu ya la sensa ya watu.

Hatua ya 8: Kusoma jedwali. Angalia umegawanya kwa idadi ya kaya au ya watu. Nyumba moja ina kaya nne. Kaya ya mwenye nyumba ina watu saba. Za wapangaji zina mmoja, wawili na wawili. Hati ina jina moja. Kaya zinazomiliki: 1 kati ya 4, asilimia 25. Watu wanaoishi kwenye kaya inayomiliki: 7 kati ya 12, asilimia 58. Watu wenye jina kwenye hati: 1 kati ya 12, asilimia 8. Nyumba ile ile! Ukiandika "asilimia 58 wana nyumba zao", umewapa nyumba watoto na wajukuu. Nyumba tupu nazo hazimo kwenye hesabu hii, maana hazina kaya ya kuuliza.

Maswali karibuni.

———

Bwana_Haraka: Mkuu ni ndefu sana. Kwa kifupi asilimia ngapi ya watu wanamiliki nyumba?

Mwandishi: Nchi gani? Sensa ya mwaka gani? Kaya au watu? Hatua ya 8.

Bwana_Haraka: Kwa ujumla tu.

Mwandishi: Hakuna "kwa ujumla". Ukipata nchi na mwaka, rudi.

KaraniMpya: Shikamoo mwalimu. Kaya imenunua nyumba kwa awamu, inalipa kila mwezi kwa mwenye mradi, na mkataba unasema nyumba itakuwa yao wakimaliza. Niandike wamepanga?

Mwandishi: Marahaba. Swali zuri, na jibu liko kwenye mkataba. Kama malipo ni bei ya nyumba iliyokatwa vipande, andika mmiliki anayedaiwa. Kama analipa kodi ya kawaida na ana chaguo tu la kununua baadaye, ni mpangaji hadi atakaponunua. Kuna walio katikati: Uingereza wana jibu la anayemiliki sehemu na kulipa kodi kwa sehemu iliyobaki, kwa sababu mpango huo upo kisheria kwao. Kama dodoso lako halina mstari huo, fuata maelekezo ya msimamizi wako, na mfuate huyo huyo kila mara. Makarani wawili wakiamua tofauti, kosa hilo halirekebishiki ofisini.

Mzee wa Hati: Unawachanganya vijana. Asiye na hati si mmiliki. Sheria iko wazi.

Mwandishi: Mzee wangu, kwa heshima zote, mahakamani una hoja. Sensa haiamui kesi ya mtu. Karani hadai hati, anaandika anachoambiwa na kaya, na jibu hilo halimpi mtu haki wala halimnyang'anyi. Tukiwaandika wote wasio na karatasi kuwa si wamiliki, tuwaweke wapi? Kundi la wapangaji? Hawalipi kodi kwa yeyote. Kundi la bure? Hakuna aliyewapa. Suluhisho ni swali la pili, "mna nyaraka gani ya ardhi hii?", na baadhi ya sensa huliuliza. Nimeandika hatua ya 7 kwa ajili hiyo hiyo.

Mzee wa Hati: Hapo kwenye swali la pili tunaelewana.

Binti Takwimu: Naandika tasnifu kuhusu wanawake na ardhi. Nikitumia majedwali haya kwa jinsi ya mkuu wa kaya, napata umiliki wa wanawake?

Mwandishi: Hupati, dada, na nashukuru umeuliza kabla ya kuandika. Unachopata ni kaya zinazoongozwa na wanawake ambazo zinamiliki. Mke aliye kwenye kaya inayoongozwa na mume hayumo, hata kama nyumba ni yake kwa urithi. Na mjane anayeongoza kaya anaweza kuonekana mmiliki ilhali ndugu wa marehemu wanaidai nyumba ile. Sensa imeuliza kaya, haikuuliza mtu mmoja mmoja.

Tafuta data ya kiashiria 1.4.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa. Hicho hupima watu wazima mmoja mmoja: nani ana nyaraka inayotambulika kisheria, na nani anaona haki zake za ardhi ziko salama, kwa wanawake na wanaume. Wasimamizi wake ni UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, na Benki ya Dunia. Kwa ardhi ya kilimo kipo 5.a.1, chini ya FAO. Kisha itumie sensa kwa kile inachokiweza kuliko utafiti wowote wa sampuli: kushuka hadi eneo dogo kabisa. Ukikwama, andika hapa, tutaendelea.

Binti Takwimu: Ubarikiwe. Na hosteli za wanafunzi je? Wamepanga?

Mwandishi: Hosteli, kambi, magereza na hospitali ni makazi ya pamoja. Wakazi wake wanahesabiwa kama watu, lakini hawamo kwenye jedwali la umiliki wa kaya. Wanafunzi wanne waliopanga nyumba mtaani hao ni habari nyingine, wanaulizwa kama wapangaji wengine wote.

Mchambuzi: Niongeze dokezo kwa wanaolinganisha sensa mbili: msianze na majedwali, anzeni na madodoso yenyewe. New Zealand wana kundi la nyumba zilizo chini ya amana ya familia (yaani wadhamini huishika mali kisheria kwa niaba ya familia), mbali na zinazomilikiwa na wakazi. Usipolijua hilo utaona umiliki umeshuka kuliko ulivyoshuka kweli.

Mwandishi: Dokezo la maana sana. Nami naongeza: angalia kama kundi la "bure" limeunganishwa na "mpango mwingineo" kwenye jedwali lililochapishwa. Likiunganishwa, omba data ghafi au jedwali la kina, kwa sababu hapo mkazi wa nyumba ya mwajiri na mvamizi wamekuwa namba moja.

Bwana_Haraka: Nimerudi. Marekani, 2020, kaya.

Mwandishi: Sasa tunaongea. Ingia tovuti ya ofisi yao ya sensa, chukua jedwali la umiliki la 2020, jumlisha mistari miwili ya wamiliki, wenye mkopo na wasiodaiwa, gawanya kwa nyumba zote zenye wakazi. Usigawanye kwa nyumba zote, kuna tupu humo. Weka hesabu yako hapa nikukagulie.