Bekapu ya Windows ikigoma, soma nambari ya kosa kwanza

Jamani, seva ya Linux ikishindwa kuvuta bekapu kutoka kompyuta za Windows, msikimbilie kufomati. Juzi nilikesha kwenye ofisi moja ya klaringi pale Mwembe Tayari, fulana imelowa jasho, nikibadilisha nywila mara tatu. Kumbe nywila haikuwa na kosa lolote! Stima ilipotea, iliporudi ikaunguza ruta, ikaletwa mpya. Windows ikauona mtandao mgeni, ikauhesabu kuwa wa umma, ikafunga mlango 445, ule wa kushirikisha faili kwenye mtandao. Nikaugeuza uwe wa binafsi, bekapu ikaanza palepale.

Mount, ile amri ya Linux ya kuunga folda ya Windows, ikikupa kosa 13, hapo ndipo uangalie jina na nywila. Ile PIN ya kufungulia Windows haikubaliki kupitia mtandao, inatakiwa nywila yenyewe ya akaunti. Wengi hunaswa hapa. Kosa 112 husema mashine imezimika ilhali waiona yawaka mbele yako. Mara nyingi ni toleo la SMB, lugha ya Windows ya kushirikisha faili, halipatani, basi ongeza vers=3.0 kwenye amri ya mount.

Ila linalonitisha mimi ni hili. Folda ya Windows isipoungwa, /mnt/ofisi, pale inapoungwa kwenye Linux, hubaki tupu, na rsync, amri ya kunakili bekapu, ikiwa na --delete (ifute kisichokuwepo tena kwenye chanzo) itaona faili zote zimefutwa, nayo ifute bekapu yako yote kimyakimya. Kwenye skripti ya bekapu tanguliza mstari huu, uisimamishe kama folda haijaungwa:

mountpoint -q /mnt/ofisi || exit 1

Na hizo kompyuta zizuiwe kulala usiku.