Kukarabati bwawa kuukuu: tathmini ya mazingira na vikao vya wananchi

Baadhi ya mabwawa ya udongo nchini Kenya yalijengwa kabla ya uhuru. Sasa yamejaa tope, tuta limeota miti na bomba la kutolea maji limeliwa na kutu. Anayetaka kuyafufua huambiwa mara nyingi kwamba ukarabati si mradi mpya, kwa hiyo leseni ya mazingira haihitajiki. Usiikubali kauli hiyo. Peleka maelezo ya mradi NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, nao waamue uko katika kiwango gani cha hatari. Kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji ni jambo jingine. Ukiwa nacho, bado unahitaji leseni ya NEMA.

Fanya hivyo kabla mhandisi hajakamilisha michoro. Michoro ikishakamilika, kikao cha wananchi hugeuka tangazo.

Kagua bwawa kwanza

Tembea juu ya tuta na chini yake. Andika kila mti, kichuguu na shimo la mnyama kama mhanga, kwa sababu mizizi iliyooza na mashimo huwa njia za maji. Palipo na uvujaji, kinga maji kwenye chupa safi na uyaache yatulie. Yakiwa maangavu, pima kasi yake kila wiki. Yakiacha udongo chini ya chupa, tuta linaliwa kutoka ndani: mwite mhandisi wa mabwawa siku hiyo hiyo, ripoti ya mazingira itangoje.

Kisha pima tope. Pita na boti kwa mistari iliyonyooka, na kila kituo chukua vipimo viwili: kina cha maji hadi juu ya tope, na kina ambapo fimbo inagonga ardhi ngumu. Tofauti yake ndiyo unene wa tope.

Tope litakwenda wapi?

Ripoti nyingi hupwaya hapa. Huandikwa tu kwamba tope "litatupwa mahali panapofaa". Piga hesabu. Tope la mita za ujazo 10,000 likichimbwa huvimba. Ukichukulia robo zaidi, una 12,500. Kwa lori la mita za ujazo 10, hizo ni safari 1,250, yaani lori litapita mara 2,500 mbele ya shule ile ile, kwenda na kurudi. Wananchi wana haki ya kuiona namba hiyo, pamoja na barabara, saa za kazi na shamba litakalopokea tope. Kama upande wa juu wa bwawa kuna mashamba yanayopuliziwa dawa, pima tope maabara kabla ya kumpa mkulima yeyote.

Kushusha maji

Usifungue bomba lote ili kazi ianze haraka. Udongo wa tuta upande wa ndani umelowa. Maji yakiondoka upesi kuliko udongo unavyojikamua, tuta huporomoka kuelekea bwawani. Wahandisi wengi hawapitishi sentimita 30 kwa siku, na tuta dhaifu huhitaji mwendo wa polepole zaidi. Ripoti iseme nani atasoma kipimo cha maji kila asubuhi, ngege na kambare watahamishiwa wapi, na mifugo itakunywa nini. Ng'ombe 400 wakinywa lita 25 kila mmoja ni lita 10,000 kwa siku. Mabirika yawe tayari kabla maji hayajaanza kushuka.

Vikao

Kwa mradi unaohitaji tathmini kamili ya athari kwa mazingira, Kanuni za 2003 za tathmini hiyo zinataka mabango mahali pa wazi, tangazo la gazeti kwa wiki mbili mfululizo, tangazo la redio kwa lugha rasmi na ya wenyeji, na vikao visivyopungua vitatu, vilivyotangazwa angalau wiki moja mapema.

Usivifanye vyote kwenye baraza moja la chifu. Kimoja kiwe upande wa juu wa bwawa, kwa wenye mashamba ambayo maji yatayafikia tuta likiinuliwa. Kingine kiwe upande wa chini, kwa wanaoishi kwenye njia ya mafuriko. Bwawa la Solai, Nakuru, lilipasuka usiku wa Mei 9, 2018 na kuua watu zaidi ya 40. Wanaolala upande wa chini wa bwawa waonyeshwe ramani ya mahali maji yatakapofika likipasuka, waambiwe nani atapiga king'ora na njia ya kukimbilia ni ipi.

Panga saa ambayo wanawake wanaoteka maji na wafugaji wanaweza kufika. Andika swali kama lilivyoulizwa, jibu, na badiliko lililofanywa kwenye mradi. Orodha ya sahihi bila maswali haithibitishi chochote.

Ripoti ikishafika NEMA

NEMA hualika maoni ya umma, nawe mwananchi una siku 30 za kuyatoa kwa maandishi au kwa mdomo. Taja ukurasa na namba: "jedwali la safari za malori halimo" lina uzito kuliko "tunapinga". Usiporidhika na leseni, rufaa huenda Mahakama Maalumu ya Mazingira ndani ya siku 60. Mwezi Juni 2019 mahakama hiyo ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Kujaza upya

Bwawa lililo kwenye bonde lenye maji ya msimu tu hujazwa na mafuriko, na mafuriko hayasubiri. Bomba la chini na njia ya maji ya ziada vikamilike na kujaribiwa kabla ya mvua kuanza. Kama havijakamilika, acha pengo wazi kwenye tuta msimu huo ili maji yapite. Maji yakianza kupanda, kagua uvujaji kila siku, ukiwa na chupa ile ile ya kukingia.