PC ya gemu iliyoungwa tayari: angalia kile ambacho tangazo halijakitaja

Wadau, ukikuta tangazo limeandikwa "PC ya gemu, Core i7, RAM 16GB, SSD, kadi ya RTX, taa rangi zote" jua bado hujaambiwa kitu. Hiyo i7 ya mwaka gani? RTX ipi? Core i7-2600 ilitoka 2011 na ni i7 halali kabisa, ila i5-12400F ya 2022 inaiacha mbali sana, na hiyo ni i5 tu. Kwa hiyo kabla hujauliza mwisho bei gani, omba majina kamili ya vitu vyote saba: prosesa, kadi ya grafiki, RAM, diski, madabodi (ile bodi kuu vinapochomekwa vyote), pawasaplai (inayogawa umeme ndani) na kasha lenyewe. Muuzaji anayeijua mashine yake anakutumia muda huohuo. Yule anayejibu "ni mashine kali hiyo, inapiga gemu zote" halafu pawasaplai hataki kuitaja, mi huyo naachana naye hapohapo, mana vitu vya bei chee huwa vinafichwa palepale ambapo mnunuzi haulizi.

Hili nimejifunza kwa maumivu. PC yangu ya kwanza niliangalia vitu viwili tu, prosesa na kadi, na kweli vyote vilikuwa safi. Miezi michache mbele ikaanza kujizima katikati ya mechi. Nikabadilisha draiva, nikapiga Windows upya mara mbili, nikasafisha vumbi, wapi. Kuja kufungua pawasaplai ilikuwa nyepesi mkononi kama boksi tupu, juu stika kubwa ya wati 600, lakini ukisoma kile kijedwali cha pembeni laini ya volti 12 inatoa ampea 25, yaani wati 300 basi. Na prosesa na kadi ndo zinakula kwenye hiyohiyo laini ya volti 12, zingine zote hazina kazi kubwa. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza naomba picha ya stika ya pawasaplai, hata kabla ya kadi.

Na tukiwa hapohapo, ile alama ya 80 Plus isikuzuzue. Ipo tangu 2004 na inachopima ni ufanisi, kwamba umeme unaovutwa ukutani haupotei mwingi kuwa joto. Haikuambii kama ndani kuna kinga nzuri za shoti wala kama imetengenezwa kudumu. Afadhali kujua kampuni na modeli kamili, halafu unatafuta watu waliofungua na kuipima. Kadi kama RTX 4060 inakula wati 115 hivi na Nvidia wenyewe wanashauri pawasaplai ya wati 550, kwa hiyo huhitaji dude la wati 1000, unahitaji la wati za kweli, na lenye nafasi kidogo ya kuja kubadilisha kadi baadae.

Sasa rudi nyuma kidogo: unachezea skrini gani? Watu wengi wanaanza na PC halafu skrini inakuja mwisho, ndo unakuta mtu ana kadi kubwa imefungwa kwenye monita ya 1080p (ukali wa picha wa kawaida) ya Hz 60, yaani inabadilisha picha mara 60 tu kwa sekunde, hela yote imelala mule. Kama unacheza Valorant, CS2, Dota 2, Fortnite kwenye 1080p, seti ya kawaida inakutosha sana, tia nguvu kwenye monita ya Hz 144 na kuendelea. Kama unapenda gemu za hadithi zenye picha nzito na unataka 1440p yenye picha kali zaidi, hapo bajeti iende kwenye kadi.

Kwenye kadi ndo kuna mitego mingi kuliko kote, kwa sababu jina moja linaweza kubeba vitu viwili tofauti. RTX 3050 ipo ya 8GB na ipo ya 6GB iliyokuja 2024, unaweza kudhani tofauti ni memori tu, kumbe ya 6GB ina kore (vile vitengo vinavyopiga hesabu) 2304 wakati ya 8GB ina 2560, na njia yake ya memori ni biti 96 badala ya 128. Ni kadi dhaifu zaidi kwa jina lilelile. GT 1030 nayo ipo yenye memori ya GDDR5 na ipo yenye DDR4 iliyo taratibu zaidi, ile ya DDR4 ni ya kukimbia kabisa. RTX 4060 Ti, RTX 5060 Ti na RX 9060 XT zote zipo za 8GB na za 16GB, na tangazo likikaa kimya kuhusu namba hiyo mi nachukulia ni 8GB mpaka nithibitishiwe. Halafu kuna RX 6500 XT ya 4GB, hii inatumia njia nne tu za PCIe (mawasiliano kati ya kadi na madabodi), ukiichomeka kwenye madabodi ya zamani ya PCIe 3.0 inapoteza nguvu waziwazi.

Mtu atauliza, 8GB zina shida gani? Memori ya kadi ikijaa, picha zinaanza kuhamishiwa kwenye RAM ya kawaida kupitia PCIe, na njia hiyo ni nyembamba mno kulinganisha na memori ya kadi yenyewe, ndo gemu linaanza kukwama kwama hata kama wastani wa fremu (picha kwa sekunde) unaonekana mzuri, au unaona kuta na nguo za wahusika zimekuwa na ukungu haziji vizuri. Kwa gemu za mashindano huwezi kuliona hilo. Kwa gemu kubwa mpya utaliona, na kama PC hii unataka ikae miaka minne mitano, nyongeza ya kupata 16GB kwenye kadi ileile kwangu ni hela iliyotumika vizuri kuliko taa zote za RGB.

Na namba za fremu anazokuonyesha muuzaji, muulize zimepatikanaje. Siku hizi kadi zinaweza kutengeneza fremu za kubuni katikati ya fremu za kweli, RTX 50 zinaweza kuongeza zaidi ya moja kwa kila moja ya kweli. Ni teknolojia nzuri, picha inateleza, lakini mkono wako hauhisi haraka zaidi, kwa sababu gemu linasoma maus yako kwenye zile fremu za kweli tu. Fremu 200 za hivyo sio sawa na fremu 200 halisi. Omba namba bila hiyo kitu.

Prosesa nitaipitia haraka. Kwa Intel za kuanzia i3 mpaka i9, tarakimu za mwanzo ndo kizazi, 12400 ni kizazi cha 12, 2600 ni cha pili. Herufi F mwishoni maana yake haina grafiki ya ndani, sio ubaya kama kadi ipo. Kwa AMD angalia usichanganye Ryzen 5 5500 na 5600, majina ni kama mapacha ila 5600 ina kashe ya L3 (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya 32MB na PCIe 4.0, 5500 ina 16MB na PCIe 3.0, na gemu zinaipenda sana kashe. Kore sita zinatosha gemu karibu zote. Kama unapanga kuboresha mbele ya safari, soketi ya prosesa za AMD inayoitwa AM5, iliyotoka 2022, ndo yenye njia, AM4 ya kabla yake bado ni dili zuri kwa bajeti ndogo ila ujue umefika mwisho wa reli. Ukiona i9 imefungwa pamoja na kadi ya chini kabisa, hapo jina ndo linauzwa.

RAM iwe 16GB angalau na iwe vijiti viwili vya 8, sio kimoja cha 16. Kijiti kimoja kinafungua njia moja tu ya kuzungumza na prosesa, na kwenye gemu zinazoitegemea prosesa unakosa fremu za bure kabisa. Muuzaji mwingine atakwambia kimoja ni kizuri ili uongeze baadae, basi mwambie aongeze sasa hivi. Diski iwe SSD ya NVMe (aina ya haraka) ya 1TB, gemu moja kubwa siku hizi linavuka GB 100 kwa hiyo 256GB inajaa wiki ya kwanza.

Kitu kingine ambacho hakiandikwi: je, vitu vya ndani ni vya saizi za kawaida? Kuna PC za makampuni makubwa zina madabodi ya umbo lao wenyewe na pawasaplai yenye plagi isiyofanana na ya wengine. Plagi kuu ya kawaida ya ATX ina pini 24. Omba picha ya ndani ubavu ukiwa wazi, hesabu pini, angalia kama madabodi ina soketi nne za RAM au mbili. Mashine ikiwa ya kipekee namna hiyo, siku pawasaplai ikifa unatafuta spea yake peke yake, na siku unataka kadi mpya unakuta haiingii kwenye kasha. Picha hiyohiyo itakuonyesha hewa inaingilia wapi: mbele pawe na wavu na feni zinazovuta, nyuma feni inayotoa. Kasha la kioo mbele bila tundu linapendeza kwenye video tu.

Wale wanaofikiria PC ya ofisi iliyotumika halafu waweke kadi, inawezekana na mara nyingine ndo thamani bora kuliko zote, lakini soketi ya kadi inatoa wati 75 tu, na kama pawasaplai haina waya wa pini 6 au 8 basi umefungwa kwenye kadi ndogo. Kwenye yale makasha membamba hata kadi lazima iwe ya kimo kifupi. Angalia na umri: Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 au Ryzen 2000 kwenda juu. Valorant kwenye Windows 11 bila TPM na Secure Boot (kinga ya wakati wa kuwasha) haifunguki. Kwa hiyo i7 ya kizazi cha 4 hata ikiwa ya bei ya kutupa, mi siichukui.

Bei unaipimaje? Chukua yale majina saba, tafuta bei ya kila kimoja kikiuzwa peke yake, ongeza leseni ya Windows kama ipo kweli, jumlisha. Seti ikizidi jumla hiyo kwa asilimia 10 mpaka 15 mi naona ni haki, mtu ameunga, amepima, na anakupa waranti moja ya mashine nzima. Ikizidi hapo sana omba sababu. Ikiwa chini sana ya jumla, kagua upya kama kadi ni mpya au imetumika. Na waranti uliza hivi: nikifungua ubavu kuongeza RAM inakufa? Gharama ya kuirudisha ikiharibika ni ya nani?

Ikishafika usikimbilie kuwasha. Fungua ubavu kwanza, mara nyingi kuna sponji au mfuko wa povu ndani umewekwa kwa ajili ya safari, ukiwasha nao feni zinakwama na joto linapanda. Angalia kadi haijalegea kwenye soketi. Waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, sio kule juu kwenye madabodi, watu wanakaa miezi wanacheza kwa grafiki ya ndani bila kujua. Ingia kwenye setingi za skrini uweke Hz 144 kwa mkono, mara nyingi Windows inaiacha kwenye 60. Ingia BIOS (setingi za madabodi) uwashe XMP au EXPO ili RAM itembee kwa kasi yake kamili, la sivyo RAM ya 6000 inatembea 4800. Halafu fungua programu za CPU-Z na GPU-Z zinazoonyesha kilichomo ndani, linganisha kila jina na lile uliloahidiwa, na ucheze gemu zito saa nzima huku HWiNFO inarekodi joto. Kadi ikikaa chini ya nyuzi 85 na prosesa chini ya 90 bila kujizima, baki nayo. Ikizidi, au jina moja tu likiwa tofauti, piga picha ya skrini na uirudishe siku hizo za mwanzo kabla muda wa kurudisha haujapita.