Jinsi Jumuiya ya Wakazi Inavyoweza Kushughulikia Bustani, Barabara na Shule za Mtaa Wake

Jumuiya nyingi za wakazi huanza kwa kuunda kamati tatu: ya bustani, ya barabara na ya shule. Kila kamati humchagua mwenyekiti wake na kuandika barua zake, na muda si mrefu afisa yule yule wa halmashauri huwa ana lundo la maombi yasiyojuana, yote yakitoka mtaa mmoja. Ni afadhali kuanza na jambo linaloziunganisha kamati hizo, nalo ni njia anayopita mtoto wa miaka minane kutoka mlangoni kwao hadi shuleni, na kutoka shuleni hadi mahali anapochezea. Mkiifuata njia hiyo kwa miguu mtakutana na sehemu kubwa ya mambo ambayo jumuiya ina uwezo wa kuyashughulikia, na mtayakuta yamepangika kwa namna ambayo hata mtu asiyeufahamu mtaa wenu anaweza kuielewa.

Itembeeni njia hiyo siku ya masomo, wakati ule ule ambao wanafunzi wanatembea. Msiende wengi. Wanatosha mzazi mmoja, kijana mmoja, mtu anayetumia mkongojo au kiti cha magurudumu, na dereva anayepita hapo kila siku, kwa sababu dereva huona mambo ambayo waenda kwa miguu hawayaoni. Kila mnapofika mahali pa kuvuka, chuchumaeni: gari lililoegeshwa ambalo mtu mzima huchungulia juu yake, kwa mtoto ni ukuta. Andikeni kila kasoro pamoja na mahali ilipo hasa, kwa mfano “mita 20 kutoka lango la shule, upande wa kushoto ukielekea bustanini”, na mpige picha. Maelezo ya jumla kama “barabara ni mbaya” hayatawasaidia baadaye.

Orodha itakayopatikana itakuwa ndefu, na hapo ndipo jumuiya nyingi hukwama kwa kutaka kuibeba yote kwa mkupuo. Chagueni mambo mawili tu: moja ambalo wakazi wenyewe wanaweza kulimaliza ndani ya wiki chache, kama kupunguza vichaka vinavyoziba kona baada ya kupata idhini ya mwenye eneo, na jingine linalohitaji mamlaka. La kwanza huwapa watu imani kwamba jumuiya inafanya kazi, nalo la pili litachukua miezi au hata miaka.

Kikao na kumbukumbu zake

Kikao cha jumuiya kwa kawaida huharibiwa na kipengele cha “mengineyo”, ambapo kila mwenye dukuduku hulitoa na saa mbili zinapita bila uamuzi. Dawa yake ni kuandika kila ajenda kama uamuzi unaotakiwa kufanywa, si kama mada. Badala ya “Suala la barabara”, andikeni “Kuamua kama tuombe tuta au kivuko mbele ya shule, na nani awasilishe barua”. Kipengele cha yatokanayo nacho kiwe na jina la mtu na tarehe kwa kila jambo, kwani jambo lililokabidhiwa kwa “wajumbe wote” halina mtu wa kuulizwa. Kwa maoni yangu, katibu mwenye kuandika vizuri na kutunza faili ana thamani kuliko mwenyekiti mwenye ufasaha, maana ofisi za umma hujibu karatasi.

Kupima kabla ya kulalamika

Malalamiko kuhusu mwendokasi ndiyo yanayowasilishwa kwa wingi na ndiyo yanayopuuzwa kwa urahisi, kwa kuwa mara nyingi huja bila takwimu. Kuzipata hakuhitaji kifaa cha gharama. Chagueni kipande cha barabara kilichonyooka, pimeni mita 50 kwa utepe, na mweke alama ya chaki pembeni mwanzo na mwisho. Mtu mmoja asimame penye alama ya pili akiwa na simu yenye saa ya kuhesabia sekunde, na mwingine penye alama ya kwanza anyanyue mkono magurudumu ya mbele yanapoigusa. Gawanyeni 180 kwa idadi ya sekunde na mtapata mwendo kwa kilomita kwa saa: gari lililotumia sekunde 6 lilikuwa na mwendo wa kilomita 30, na lililotumia sekunde 3.6 lilikuwa na kilomita 50. Simameni mahali ambapo madereva hawatawatilia shaka, kwa sababu dereva anayemwona mtu mwenye kizibao chenye kung’aa na daftari hupunguza mwendo papo hapo. Yaacheni magari yaliyo kwenye foleni; pimeni yale yanayokwenda bila kuzuiwa na la mbele.

Mkishapata magari 100, yapangeni kuanzia la polepole hadi la kasi kabisa na mwangalie la 85. Mwendo huo, ambao magari 85 kati ya 100 hayauzidi, ni kipimo wanachokitumia wahandisi wa barabara katika nchi nyingi, na barua inayoutaja husomwa kwa jicho jingine. Mtaa wa jirani unaoweza kupokea magari yatakayokwepa tuta nao upimwe siku hizo hizo, la sivyo hamtakuwa na la kusema majirani watakapolalamika kwamba mmewahamishia tatizo.

Wajumbe wanapaswa kuielewa pia sababu ya kudai kilomita 30 badala ya 50, kwa kuwa swali hilo litaulizwa. Dereva huchukua takriban sekunde moja kutambua hatari na kukanyaga breki. Katika sekunde hiyo, gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa husogea karibu mita 14. Lenye mwendo wa kilomita 30 husogea mita 8 na kidogo, kisha huhitaji kama mita 5 nyingine kusimama kwenye lami kavu. Mtoto akijitokeza ghafla mita 13 mbele, gari la kwanza litamfikia kabla dereva hajaanza kufunga breki, ilhali la pili litakuwa linasimama. Azimio la Stockholm kuhusu usalama barabarani la Februari 2020, ambalo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha mwezi Agosti mwaka huo, linataka ukomo wa kilomita 30 kwa saa pale ambapo magari na waenda kwa miguu huchanganyika mara kwa mara kwa mpangilio, isipokuwa kama upo ushahidi thabiti kwamba mwendo mkubwa zaidi ni salama. Kulitaja azimio hilo barua ikielekezwa kwa mamlaka ya nchi mwanachama si vibaya, ingawa takwimu za barabara yenu zina uzito zaidi.

Barua na safari yake

Barua isizidi ukurasa mmoja na iombe kitu kimoja. Sentensi kama “Tunaiomba ofisi yako ituangalie kwa jicho la huruma kuhusu tatizo sugu la barabara yetu” humwachia afisa nafasi ya kujibu kwamba suala linashughulikiwa, na mambo yakaishia hapo. Linganisheni na hii: “Tunaomba kivuko kilichoinuliwa mbele ya lango la shule, kwa sababu vipimo vyetu vilivyoambatanishwa vinaonyesha mwendo wa magari saa za kuingia na kutoka shuleni, pamoja na idadi ya wanafunzi wanaovuka kila robo saa.” Hii humlazimisha mpokeaji akubali, akatae kwa sababu, au apeleke mhandisi kukagua.

Kabla ya kuipeleka, ulizeni barabara ni ya nani. Barabara kuu inaweza kuwa chini ya wakala wa taifa huku ile ya mtaani ikiwa chini ya halmashauri, na barua iliyopotea njia hupigwa danadana kwa miezi. Ulizeni pia kalenda ya bajeti. Ombi linalofika baada ya bajeti kufungwa husubiri mwaka mzima hata kama kila mtu analiunga mkono, na hilo ndilo swali ambalo, kwa jinsi ninavyoona, wakazi hulisahau kupita yote. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na kurudi kwenye faili lenu. Mkikataliwa kwa mdomo, ombeni kwa heshima jibu la maandishi, kwa sababu sababu iliyoandikwa inaweza kujibiwa au kukatiwa rufaa.

Msijenge matuta wenyewe usiku kwa zege. Tuta lenye kimo kibaya huharibu magari na kuwaangusha waendesha pikipiki, na pasipoachwa nafasi pembeni maji ya mvua hutuama. Tuta la mviringo linalotumiwa katika nchi kadhaa huwa na urefu wa takriban mita 3.7 na kimo cha sentimita 7.5 hadi 10, kwa hiyo gari hupanda na kushuka taratibu badala ya kugonga. Majirani wanaolalamikia kelele za malori yanayoruka matuta wana hoja, na wanaohofia kucheleweshwa kwa magari ya wagonjwa wana hoja pia. Upo mbadala wa vipande vya matuta vyenye mianya, ambavyo gari pana huvipita kwa kuviweka kati ya magurudumu yake. Walalamikaji waitwe kikaoni kabla ya barua kuandikwa, si baada.

Ofisi inapoogopa hatua ya kudumu, ombeni majaribio. Katika miaka ya 1950, Robert Moses, aliyekuwa na mamlaka makubwa juu ya bustani na barabara za New York, alitaka kupitisha barabara katikati ya Washington Square Park. Wakazi, wakiongozwa na Shirley Hayes ambaye kamati yake iliundwa mwaka 1952, na baadaye Jane Jacobs, mwandishi wa masuala ya miji, akiwa miongoni mwao, walidai bustani ifungwe kabisa kwa magari. Mwaka 1958 ilifungwa kwa majaribio, na msongamano uliotabiriwa katika mitaa ya pembeni haukutokea. Baada ya hapo hoja ya barabara ilikosa mguu wa kusimamia.

Bustani

Jambo la kwanza kuhusu bustani ni hati. Tafuteni ramani ya upimaji, mjue eneo la wazi limesajiliwa kwa matumizi gani na kwa jina la nani, na mkague kama mawe ya mipaka bado yapo mahali pake. Eneo lisilo na ramani mkononi mwa wakazi humegwa kidogo kidogo, na wengi hushtuka msingi wa jengo umeshachimbwa.

La pili ni matunzo, ambayo ni magumu kuliko ujenzi kwa sababu hayana siku ya uzinduzi. Kabla ya kupokea hata bembea moja ya msaada, andikeni makubaliano na mwenye eneo: nani atakata majani, nani atalipia maji, nani atatunza ufunguo, na nani atawajibika mtoto akiumia. Kagueni vifaa kila wiki kwa mikono, si kwa macho tu: tikisa nguzo, kaza bolti, angalia pete za minyororo zilizolika, okota vioo. Ardhi iliyo chini ya kifaa ina maana kuliko rangi yake, kwa sababu kuanguka ndiko kunakoumiza zaidi. Vipande vya mbao humwagwa kwa kina cha sentimita 30 hivi, navyo hushindiliwa na kupungua, kwa hiyo vinahitaji kuongezwa. Mti mchanga nao unahitaji maji kwa misimu kadhaa, na shimo lake lisiwe na kina kuzidi fungu la mizizi. Vichaka vya kando ya njia visizidi kimo cha kiuno, na matawi yaanze juu ya kichwa cha mtu mzima, ili anayeingia aone mbele.

Waulizeni wasichana peke yao, wavulana wakiwa hawapo. Utafiti uliofanywa jijini Vienna katika miaka ya 1990 uligundua kwamba wasichana wakishavuka umri wa takriban miaka tisa hupungua sana bustanini, huku wavulana wakibaki. Jiji lilifanyia mabadiliko baadhi ya bustani kwa kuongeza njia, kugawa viwanja vikubwa katika sehemu ndogo na kuweka michezo mingine pamoja na mpira wa miguu, na wasichana wakaanza kurudi.

Shule

Hapa jumuiya inapaswa kujua mipaka yake. Matokeo ya mitihani, nidhamu ya mwanafunzi fulani na mwenendo wa mwalimu fulani si ajenda ya mkutano wa wakazi. Hayo yana kamati ya shule na vyombo vyake. Yanayowahusu ni lango, barabara ya mbele yake, maji ya mvua yanayotiririkia uwanjani, na matumizi ya uwanja baada ya masomo. Mwendeeni mwalimu mkuu kabla ya kwenda juu yake, kwani barua inayomruka humfanya awe mpinzani bila sababu.

Mji wa Bolzano nchini Italia ulianza mwaka 1989 kuzuia magari kwenye barabara za mbele ya shule kwa muda mfupi watoto wanapoingia na kutoka, na mpango huo umeigwa katika miji mingi tangu hapo. Unagharimu vizuizi viwili vya kuhamishika na watu wazima wa kuvisimamia kwa ruhusa ya mamlaka. Mahali ambapo hauwezekani, msafara wa miguu hufaa: mtu mzima mbele, mwingine nyuma, na vituo vya kuwachukulia watoto kwa saa maalumu. Watu wa kujitolea katika shughuli zote mbili wathibitishwe na shule kwanza, na hakuna picha ya mtoto inayosambazwa bila idhini ya mzazi.

Tuta au kivuko kikishajengwa, rudini mwezi mmoja baadaye mkapime tena: alama zile zile, saa ile ile, magari 100, na mtaa wa jirani pia. Matokeo yapelekwe kwenye ofisi iliyotoa kibali, yawe mazuri au mabaya, na nakala ikae kwenye faili pamoja na vipimo vya mwanzo, ili uongozi mpya ukichaguliwa uanze na orodha iliyobaki.