Skuta ya kwenda kazini Nairobi: kagua magurudumu na mkanda kabla ya injini

Skuta iliyokufaa Milano au London huenda isikufae Nairobi, na mara nyingi kosa haliko kwenye injini. Uwe unarudi nyumbani au unamnunulia ndugu yako chombo cha kwenda kazini, anza kukagua chini, kwenye magurudumu.

Gurudumu dogo huzama zaidi shimoni na kugonga ukingo wake kwa nguvu. Rimu hupinda, upepo hutoka, na shimo likiwa limejaa maji usiku, dereva anaweza kurushwa. Suzuki Burgman Street 125 ilitoka na inchi 12 mbele na 10 nyuma, Yamaha NMAX ina 13 pande zote, na Honda SH ina 16. Kwa anayetoka Kilimani kwenda Upper Hill, 12 zinatosha. Anayemaliza safari kwenye changarawe za Ruai au Rongai, tungemsihi asishuke chini ya 13. Kuna matuta pia: pandisha mtu nyuma, vuka tuta polepole, na usikilize kama tumbo la skuta linakwaruza.

Kuhusu nguvu, Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukumia hewa injini) hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu zake. Skuta ya 125 (ukubwa wa injini kwa cc) yenye nguvu farasi 11 hubaki na 9 na kitu. Mfumo wa kuingiza petroli kwa sindano hurekebisha mchanganyiko wenyewe, lakini nguvu iliyopotea haurudishi. Kabureta isiyorekebishwa, juu ya hayo, humwaga petroli nyingi na kuacha plagi nyeusi. Kwa safari za ndani ya jiji bila abiria, 125 inafaa. Kwa Thika Road kila asubuhi, matatu zikikupita kwa kasi, au kwa kubeba mtu, tafuta 150 hadi 160. Wala usipange safari yako kwa kutegemea Nairobi Expressway: pikipiki haziruhusiwi kule juu.

Mahali pa kutumia muda wako mwingi ni kwenye boksi la mkanda. Fundi wengi mitaani wanaijua vizuri pikipiki ya mnyororo, kwa kuwa ndiyo inayobeba jiji. Skuta haina mnyororo: ina mkanda wa mpira, rola ndani ya puli ya mbele, na klachi inayojishika yenyewe nyuma. Mkanda kwa kawaida hubadilishwa baada ya kilomita 20,000 hivi, ila vumbi la murram likipenya kwenye kichujio cha boksi hilo, huisha mapema. Maji yakiingia, mkanda huteleza na skuta hukataa kwenda huku injini ikinguruma. Ndiyo maana barabara za South C zikifurika msimu wa mvua, maji yakifika katikati ya gurudumu, usivuke.

Ukijaribu skuta iliyotumika, fika injini ikiwa baridi. Gusa ekzosi kwanza kuhakikisha. Skuta ikitetemeka inapoanza kuondoka, chini ya kilomita 20 kwa saa, viatu vya klachi vimelainika au vimeisha. Ipande kwenye mwinuko wa Museum Hill ukiwa na abiria: sauti ikipanda bila kasi kupanda, shuku mkanda au rola zilizobonyea. Kisha isimamishe kwa stendi ya katikati. Zungusha magurudumu ukitazama kama rimu inayumba. Inua gurudumu la mbele na ugeuze usukani taratibu. Ukihisi kama unanasa katikati, beringi za usukani zimeumizwa na mashimo. Soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pima betri pia, kwa sababu skuta nyingi za kisasa hazina kiki: injini ikiwa imezimwa, volti 12.4 au zaidi. Ikiwaka, kati ya 13.5 na 14.5.

Petroli isikutishe. Kutoka Ruiru hadi katikati ya jiji ni kilomita 22 hivi. Siku 22 za kazi, kwenda na kurudi, ni kilomita 968. Kwa kilomita 40 kwa lita, hiyo ni kama lita 24 kwa mwezi. Katika msongamano, hesabu 35 kwa lita. Oili ya injini ni lita moja au pungufu, na kwa safari za mjini ibadilishe kila kilomita 3,000. Oili ya gia za nyuma haifiki robo lita, lakini wengi huisahau hadi gia zianze kulia.

Ukiwa bado ng'ambo, una nafasi ambayo aliye Nairobi hana: nunua mkanda halisi na seti ya rola kwa namba ya spea ya modeli hiyo, uzitie kwenye sanduku la safari. Ni vyepesi, na vitamwokoa ndugu yako kuisimamisha skuta wiki nzima akisubiri spea ambayo huenda isipatikane Kirinyaga Road.

Upande wa karatasi, leseni ya gari ya Italia hukuruhusu kuendesha hadi 125 humo Italia. Kenya, daraja B, la magari madogo, haligusi pikipiki, unahitaji A2, la pikipiki. Bima ya mtu wa tatu, helmeti na jaketi la kuakisi ni lazima. Kabla ya kutuma pesa, tafuta rekodi ya skuta kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha mwombe fundi asiyejuana na muuzaji akutumie video ya namba ya chesisi ili uilinganishe na logibuku, hati ya umiliki. Atakayeandikishwa kuwa mmiliki awe na PIN ya KRA, namba ya mlipa kodi. Muuzaji ndiye huanzisha uhamisho kwenye mfumo. Malipo ya mwisho yasitoke kabla hajafanya hivyo.