Rola kosta ya kiwanja chako imezeeka: uikarabati au uing'oe uweke mpya?

Rola kosta ni treni ya burudani inayopanda na kushuka kwenye reli, na rangi yake hudanganya. Treni ya joka iliyopakwa nyekundu mbichi wiki iliyopita inaweza kuwa na ufa kwenye ekseli, na ile iliyochujuka kwa jua la Dodoma ikawa na chuma kizima cha kubeba watoto miaka mingi. Kwa hiyo kabla hujaingia kwenye ubishi wa "tununue mpya" na "hii bado inafaa", igawe mashine yako mafungu manne, kila moja ulihukumu peke yake: njia, yaani reli na vyuma vinavyoziunganisha, treni, nguzo na misingi yake, na mfumo wa kuivuta na kuisimamisha. Mara nyingi kilichokufa ni fungu moja au mawili.

Hata wenye mashine kubwa za nje ya nchi huamua hivyohivyo. Cedar Point, bustani ya burudani huko Ohio, Marekani, walikuwa na rola kosta ya mbao ya mwaka 1991, Mean Streak. Ilipozidi kutikisa watu waliifunga 2016, wakabakiza sehemu kubwa ya kiunzi cha mbao, wakaweka juu yake reli za chuma, na 2018 ikafunguliwa kwa jina la Steel Vengeance. Alton Towers, bustani nyingine huko Uingereza, waliifunga rola kosta yao Nemesis ya 1994 mwezi Novemba 2022, wakabadilisha reli, ikarudi Machi 2024 na mapito yaleyale. Top Thrill Dragster, hukohuko Cedar Point, iliachiwa mnara wake wa mita 128, ikatolewa mfumo wa haidroliki, yaani wa kimiminika chenye shinikizo, uliokuwa unairusha na kuwekewa mota za sumaku. Lakini Kingda Ka ya New Jersey, mita 139, nayo ya haidroliki, iliangushwa Februari 2025. Mashabiki wanabishana hadi leo ipi ilistahili kubaki. Kwa mwenye kiwanja Dodoma au Singida, funzo liko kwenye swali la kwanza: ni kipi kimeshindwa, na je, kinatoka bila kuvuruga vingine?

Njia na maungio

Usipake rangi kabla ya ukaguzi. Rangi mpya huziba nyufa na kukunyima ishara bora kuliko zote, ule mstari mwembamba wa kutu unaovuja juu ya rangi ya zamani. Ukiuona pembeni mwa mchomeleo, chukulia kuna ufa mpaka uthibitishe vinginevyo.

Nyufa zina mahali pake. Tafuta kwanza kwenye ukingo wa mchomeleo, pale chuma cha kuunganisha kinapokutana na reli. Kisha nenda chini kabisa ya kila mteremko, kona ya kwanza baada ya mteremko mkubwa, na mwanzo wa sehemu ya breki. Hapo ndipo mzigo huja na kuondoka kila mzunguko, na chuma huchoka kwa kurudiarudia huko kuliko kwa uzito wenyewe.

Kupima kwa dawa nyekundu ya nyufa ni kazi ambayo fundi makini anaweza kuisimamia hapa hapa:

1. Kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae. Tumia brashi ya chuma au kiyeyusha rangi. Mashine ya kusagia huukandamiza mdomo wa ufa ukajifunga.
2. Safisha grisi yote kwa kisafishio kinachokuja na dawa, uache pakauke.
3. Paka dawa nyekundu, subiri dakika 10 hadi 20.
4. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kisafishio. Ukipuliza kisafishio moja kwa moja kwenye chuma utaitoa na ile dawa iliyoingia ndani ya ufa, na utapata jibu la uongo.
5. Puliza unga mweupe kwa tabaka jembamba, kisha tazama kwa dakika 10 hivi. Mstari mwekundu mwembamba unaozidi kukolea ni ufa. Doa la mviringo mara nyingi ni tundu la mchomeleo.

Dawa nyingi za aina hii hufanya kazi chuma kikiwa chini ya nyuzi 50 hivi. Reli iliyopigwa na jua la saa nane mchana mwezi Oktoba inaweza kupita hapo. Dawa hukaukia juu na ufa haunywi chochote. Fanya kazi hii asubuhi, kabla ya saa tatu.

Baada ya nyufa, pima upana wa njia. Kata kipande cha bamba la chuma kwa kipimo cha upana kilichoandikwa kwenye mwongozo, ukipitishe kati ya reli mbili kila nusu mita, kona zote usiache. Kikikwama au kikicheza, weka alama kwa chaki na uandike namba ya kipande. Reli za bomba huliwa na kutu kwa ndani pia, hasa kipande kilichoingia maji kupitia tundu la bolti. Zigonge kwa nyundo ndogo: bomba zima hulia, lililoliwa hutoa mlio mfu. Ukishuku, ita mtu mwenye kipimo cha unene cha mawimbi ya sauti, umlipe siku moja. Ni nafuu kuliko kubahatisha.

Bolti zisomwe namba ya uimara iliyo kichwani. Iliyoandikwa 10.9 haibadilishwi kwa 8.8 kwa sababu tu duka la jirani lina 8.8. Ukishakaza kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyotajwa kwenye mwongozo, piga mstari wa rangi unaopita kwenye nati mpaka kwenye bamba. Kila asubuhi mkaguzi anatazama mistari tu. Uliokatika unamwambia nati imezunguka. Kuichomelea nati ili isilegee ni kuficha tatizo, na joto lake huua ugumu wa bolti.

Treni

Ni hapa ubovu mwingi hujificha, na wengi huishia kutazama viti.

Gari moja la rola kosta lina magurudumu ya aina tatu. Ya juu yanabeba uzito, ya pembeni yanalishika kwenye kona, na ya chini yanalizuia kunyanyuka. Pima kipenyo cha kila moja kwa kalipa, linganisha kushoto na kulia. Gurudumu moja lililolika kuliko mwenzake huipindisha ekseli na kuila reli upande mmoja. Nafasi kati ya gurudumu la chini na reli iwe ile ya kwenye mwongozo, kwa kawaida milimita chache. Likibana, treni inapoteza mwendo, gurudumu linapata joto na ngozi yake ya poliuretani, plastiki inayonyumbuka kama mpira, inabanduka kwenye kiini. Likilegea sana, utasikia mgongano kila kilele.

Zipo ngozi za magurudumu za poliuretani na zipo za nailoni. Nailoni ni ngumu, inakwenda kasi, inapiga kelele na inaila reli. Poliuretani ni laini na tulivu lakini ina msuguano zaidi. Kubadilisha moja kwa nyingine bila kumuuliza mtengenezaji ni kubadilisha kasi ya mashine nzima.

Vumbi la kiangazi hapa ni adui wa beringi. Weka zilizofungwa pande zote mbili, na usijaze grisi kwa nje ukidhani unasaidia, kwani grisi ya nje hukusanya mchanga na kuugeuza msasa. Nyanyua gari, zungusha gurudumu kwa mkono, sikiliza: mkwaruzo au kusitasita, beringi inatoka siku hiyohiyo. Usiku treni ilale kivulini au chini ya turubai, na asubuhi isianze kazi kabla magurudumu hayajatazamwa moja moja.

Ekseli na pini za kuunganisha magari zitolewe na kupimwa kwa dawa nyekundu angalau mara moja kwa mwaka, na kila pale mwongozo unapodai mapema zaidi. Ufa huanzia pale ekseli inapobadilika unene, ndani ya kivuli ambacho tochi haifiki ikiwa bado imefungwa.

Misingi

Mabondeni mwa Dodoma kuna udongo mweusi wa mbuga, unaovimba kwa mvua za Desemba hadi Aprili na kupasuka kiangazi. Nguzo iliyosimama juu yake hupanda na kushuka. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha maji, ujaze maji bila mapovu, na upime usawa wa bamba la kila nguzo mara mbili kwa mwaka: mwisho wa kiangazi, Novemba, na mwisho wa mvua, Aprili. Andika. Nguzo zikipanda na kushuka pamoja, una nafasi ya kusawazisha. Moja ikiendelea kuzama kila mwaka peke yake, msingi wake ufukuliwe mpaka kwenye ardhi ngumu. Kusukumia kokoto chini ya bamba hudumu wiki moja tu. Nafasi chini ya bamba hujazwa saruji maalumu isiyosinyaa. Na kwa kuwa tuko kwenye Bonde la Ufa, kila tetemeko linalosikika lifuatwe na kusimamisha mashine, kupima usawa upya na kutazama mistari ya bolti.

Breki na umeme

Breki salama hufungwa na springi na kufunguliwa na upepo wa kompresa. Umeme ukikatika, upepo ukiisha, inafunga yenyewe. Baadhi ya mashine kuukuu ziko kinyume, upepo ndio unaofunga. Hiyo haivumiliwi hata kama kila kitu kingine ni kizima: badilisha mfumo wa breki kabla ya safari nyingine yoyote. Jaribu kwa makusudi, treni ikiwa tupu, kata umeme ikiwa katikati ya kilima. Jino la kuzuia kurudi nyuma lazima liishike pale pale. Mtungi wa kompresa nao una ukaguzi wake wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, usiusahau.

Uamuzi

Njia imeliwa lakini nguzo na misingi imenyooka, na mtengenezaji bado yupo? Agiza vipande vya njia na magurudumu mapya, acha mengine. Treni ina nyufa kwenye ekseli tu? Agiza ekseli. Ng'oa bila majuto pale ufa unaporudi mahali palepale baada ya kutengenezwa kwa utaratibu wa mtengenezaji, kwa sababu hapo umbo lenyewe limeshindwa. Ng'oa pia pale mtengenezaji hayupo tena na huna mwongozo wala michoro. Bila michoro hakuna anayejua mzigo wa kila bolti, na mhandisi aliyesajiliwa hawezi kukusainia kwa kukisia.

Kishawishi kikubwa ni kumpelekea mchomeleaji wa mtaani kipande cha njia akikunje upya. Usifanye hivyo. Mteremko wa mita 3 huipa treni mwendo wa karibu mita 7.7 kwa sekunde, kama kilomita 28 kwa saa. Kwenye bonde lenye nusu kipenyo cha mita 8, mtoto anaongezewa takribani robo tatu ya uzito wake. Fundi akilikunja kwa mita 5, nyongeza inafika mara 1.2. Shingo ya mtoto na mchomeleo vyote vinabeba tofauti hiyo, mzunguko baada ya mzunguko.

Ukinunua, mpya au iliyotumika

Mashine iliyotumika si aibu. Golden Loop, rola kosta ya bustani ya Gold Reef City, Johannesburg, ilitoka bustani ya Carowinds, Marekani, ilikokuwa inaitwa White Lightnin'. Dai vitu hivi kabla ya kulipa: mwongozo katika lugha ambayo fundi wako anaisoma, michoro, hati za kufuata EN 13814 au ISO 17842 (viwango vya usalama wa mashine za burudani, cha Ulaya na cha kimataifa), na daftari la matengenezo tangu ilipoanza kazi. Daftari likikosekana, bei ishuke sana au uondoke.

Uliza umeme wake. Mota ya Marekani imeundwa kwa hezi 60, yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde. Kwenye hezi 50 zetu huzunguka polepole kwa karibu asilimia 17, na voltiji isipopunguzwa sambamba hupata joto. Ama ubadilishe mota na giaboksi, ama uweke kifaa cha kurekebisha hezi. Andika namba za beringi zote na uhakikishe zinapatikana nchini, kisha agiza seti moja kamili ya magurudumu ya akiba kwenye kontena hilohilo. Kipande kirefu kuliko mita 12 hakiingii kontena la futi 40. Wakati wa kuifungua kule, kila kipande kigongwe namba kwa patasi za namba. Kalamu na rangi hufutika kabla ya mzigo kutoka bandarini.

Majaribio hufanywa kwanza tupu, kisha kwa mifuko ya mchanga yenye uzito uliotajwa kwa kila kiti, iliyofungwa barabara. Rudia asubuhi ya baridi na mchana wa joto. Julai asubuhi grisi ni nzito na treni nyepesi inaweza kukwama bondeni. Novemba mchana huenda kasi kuliko ulivyozoea. Kiangazi weka kipima upepo juu ya nguzo ndefu. Mashine nyingi za aina hii husimamishwa upepo ukifika mita 15 kwa sekunde, na mwongozo wako ukisema kiwango cha chini zaidi, fuata wa mwongozo.

Mapito ambayo watoto wameyazoea ni mali. Kama unaweka mpya, uliza kama mtengenezaji anaweza kufuata mkondo wa zamani juu ya misingi iliyopimwa na kupita. Utaokoa zege, na wateja wako hawatapoteza kona yao.

Ile ya zamani usiiuze ikiwa nzima kwa mnunuzi wa skrepa. Kata kila ekseli vipande viwili, kata vyuma vya kufungia mapajani, na ung'oe kibati cha mtengenezaji chenye namba. Mashine uliyoikataa isije ikafungwa upya kwenye kiwanja cha wilaya nyingine.