Ukitoka saiti, panda jukwaani: fundi anavyoweza kuwa mwigizaji

Kijana mmoja anayenisaidia kupiga skimu, yaani kulainisha kuta kabla ya rangi, kwenye ghorofa moja la Nyegezi aliniuliza tukiwa juu ya mirunda, miti ya kupandia: "Kaka, nitaachaje hizi kazi niwe mwigizaji?" Nikamwambia, dogo, nani amekwambia uache? Nimepaka rangi nyumba za Mwanza miaka 14, na miaka 11 kati ya hiyo nimekuwa nikiigiza pia, jukwaani na kwenye muvi. Karibu yote ninayoyajua ya kuigiza nimeyapata kwenye rangi. Haya ndiyo niliyomwahidi kumwandikia.

Mfano wangu ni Robert Carlyle. Nilimwona mara ya kwanza kwenye kibanda umiza cha Mabatini, katika filamu ya James Bond ya mwaka 1999, The World Is Not Enough. Yeye ndiye Renard, yule adui mwenye risasi kichwani iliyomwondolea maumivu. Miaka mingi baadaye ndipo nikajua kwamba mtu yule alikuwa fundi rangi. Alizaliwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1961, akalelewa na baba yake aliyekuwa akipaka rangi nyumba za watu. Aliacha shule akiwa na miaka 16 akashika brashi pamoja na mzee. Alipofika miaka 21 akasoma tamthilia ya Arthur Miller, The Crucible, nayo ikamkamata. Akaanza kwenda Glasgow Arts Centre, kisha akaingia chuo cha sanaa cha huko kwao. Siku niliyoyajua hayo niliweka rola chini nikakaa kimya kwa muda.

Kwa hiyo anza hivi. Tafuta kikundi kinachofanya mazoezi jioni, usitafute kwanza muvi. Saiti inafungwa saa 11. Saa 12 uwe umeshaoga na umeshafika. Kama mtaani kwenu hakuna kikundi, undeni. Mwaka 1991 Carlyle na marafiki zake waliunda kikundi chao cha maigizo, Raindog, ingawa tayari alikuwa amesoma chuo na ameshaingia kwenye filamu. Sisi Igogo tulianza watu watano kwenye uwanja wa nyuma ya banda la mbao, na taa ya simu.

Kukariri maneno ndiko kunakowatisha wengi, na hapo fundi rangi ana bahati. Chumba kikishasuguliwa msasa, chukua penseli uandike maneno yako ukutani. Ukipiga praima, rangi ya msingi, unayasoma yakiwa bado yanaonekana. Mkono wa kwanza wa rangi yanafifia, mkono wa pili hayapo tena, na wewe unaendelea kuyasema. Tumia penseli peke yake. Wino wa maka peni hupenya rangi ya maji na kurudi juu. Mimi nimeshalipia ndoo ya lita 20 kwa ajili hiyo.

Jukwaani

Sisi mafundi mirunda tunaiita jukwaa, na ukiizoea unajua kusimama mahali pembamba bila kuyumba huku watu wanakutazama kutoka chini. Hiyo unayo tayari. Usichokuwa nacho ni kumshika mtazamaji, na shule ya hilo iko Bujora, Kisesa, kila Juni wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma. Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, wanacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na watu wanahamia upande unaowavuta zaidi. Nenda siku nzima, na usiangalie wachezaji. Angalia miguu ya watazamaji. Utaona wanasogea pale mchezaji anaposimama ghafla, na wanaanza kuondoka jambo moja likirudiwa kupita kiasi. Nilijifunza kunyamaza jukwaani kutokana na siku moja ya kusimama pale.

Kuhusu sauti: tukiigiza karibu na ziwa, mchana upepo hutoka majini kuja nchi kavu. Waweke watazamaji upande wa nchi kavu, wewe upe ziwa mgongo, upepo ukubebee maneno. Usiku hugeuka. Na jenereta iwe mbali, hata kama itabidi ukaazime waya mrefu.

Usikubali kuwa mtu wa aina moja

Hapa nataka ukae na mimi. Wakikuona umecheza jambazi vizuri mara moja, watakupa jambazi mpaka uzeeke. Sasa tazama njia ya Carlyle. Mwaka 1991 ni kibarua wa ujenzi jijini London katika Riff-Raff, filamu ya mwongozaji Mwingereza Ken Loach. Mwaka 1994 ni muuaji kwenye tamthilia ya televisheni ya Cracker. Kuanzia 1995 hadi 1997 ni polisi mpole wa kijijini, Hamish Macbeth. Katikati ya hapo, 1996, ni Begbie wa Trainspotting, mtu ambaye usingependa akae meza ya jirani. Mwaka uliofuata, katika The Full Monty, ni mfanyakazi wa chuma wa Sheffield aliyekosa kazi, na kwa huyo alipata BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza. Kuanzia 2011 mpaka 2018 ni Rumplestiltskin, yule wa hadithi za kale, katika tamthilia ya televisheni Once Upon a Time.

Ninavyomsoma mimi, huanza na kazi ya mhusika, hasira au huzuni inafuata. Alipopewa dereva wa basi katika Carla's Song, filamu nyingine ya Loach, alifanya mtihani akapata leseni ya kuendesha basi kwelikweli. Basi nawe fanya hivyo kwa kadiri yako. Umepewa konda? Panda daladala ya Igoma asubuhi tatu mfululizo, uone noti zinavyokunjwa katikati ya vidole na mwili unavyoning'inia mlangoni. Umepewa mama wa dagaa? Nenda soko la Mwaloni Kirumba mapema, uombe ruhusa kwa adabu, "Shikamoo mama, naomba nikusaidie," kisha uanike na kugeuza naye mpaka jua likolee. Usitoe simu kurekodi. Utarekodi kwa kiuno chako, maana kuanzia saa nne kitakuuma mahali palepale panapomuuma yeye, na ukisimama jukwaani hutahitaji kuigiza kunyooka.

Mimi nilipopewa baba aliyeachishwa kazi, sikwenda popote. Baba yangu alikuwa kibarua kiwandani, kiwanda kikafungwa nikiwa darasa la tano. Mwaka mzima baada ya hapo aliamka saa 11 alfajiri, akanyoa ndevu, akavaa viatu, akakaa kwenye kigoda mlangoni. Nilipanda jukwaani nikanyoa ndevu taratibu, nikafunga kamba za viatu, nikakaa. Sikusema neno kwa karibu dakika mbili. Mama mmoja mstari wa mbele akajifunika uso kwa khanga.

Mbele ya kamera

Jukwaani unapaka ukuta, mbele ya kamera unapaka fremu ya dirisha: brashi ndogo. Egemeza simu kwenye mfuko wa saruji, jirekodi ukisema sentensi moja mara kumi, kila mara ukipunguza mikono na nyusi. Ile utakayodhani hukufanya chochote ndiyo nzuri mara nyingi.

Jingine ni mpangilio wa kurekodi. Loach anajulikana kwa kupiga filamu kwa kufuata hadithi ilivyo, mwanzo hadi mwisho. Huku kwetu nyumba imekodiwa siku moja, kwa hiyo utalia msiba asubuhi na kuchumbia jioni. Nunua daftari dogo, andika kila onesho: mikono ya shati imekunjwa, jasho lipo, nimetoka kugombana na nani.

Malipo: dai nusu kabla ya kuanza, kwenye karatasi, hata kama mwenye muvi ni rafiki. Nimeshafanya kazi siku sita kwa ahadi.

Usiku wa kabla ya onesho, toa rangi ya mafuta mikononi kwa mafuta ya kula kwanza, kisha sabuni. Tapentaini inachubua ngozi. Lakini ukiwa unacheza fundi, acha ile iliyoganda kwenye kucha. Mwongozaji mmoja aliniambia nikaisugue. Nilimwomba anitazame kwanza kwenye kamera, akatazama, akaniambia niiache.